Sanamu Yangu Amevunjika Mkono: Jina na Ngeli ya Mashujaa Wadogo wa Filamu katika Miji ya Mlima Kenya

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kenya huandika insha kuhusu uraibu wake, pengine zaidi ya mara moja, kabla ya kumaliza shule. Wengi huandika kuhusu kandanda, kusoma vitabu au kufuga sungura. Katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, yaani Nyeri, Karatina, Nanyuki, Kerugoya, Embu na Meru, si ajabu siku hizi mwalimu kukutana na daftari la mwanafunzi ambaye uraibu wake ni kukusanya mashujaa wadogo wa plastiki waliotokana na filamu, pamoja na magari yao. Tuchukulie kwamba katika daftari hilo mna sentensi ifuatayo:

Sanamu yangu ya Batman amevunjika mkono.

Je, mwalimu aipige mstari mwekundu? Makala haya yanalichukua swali hilo kwa uzito, kwa kuwa ndani yake mna maswali mawili ambayo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili hawajayashughulikia vya kutosha. Swali la kwanza ni la msamiati: kitu hiki kinaitwaje kwa Kiswahili? La pili ni la sarufi: kitu chenye umbo la mtu, jina la mtu na sifa zinazozidi za mtu, lakini kisicho na uhai, kiwekwe katika ngeli gani? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba maswali haya mawili ni swali moja, na kwamba lugha ya Kiswahili ina nyenzo za kulijibu bila kutafsiri jina la Kiingereza neno kwa neno.

Kabla ya kuendelea, neno uraibu lenyewe linastahili kutazamwa. Shuleni nchini Kenya, uraibu ni jambo ambalo mtu hulipenda na kulifanya wakati wa mapumziko. Katika magazeti na kampeni za afya, uraibu ni utumwa wa pombe, kamari au dawa za kulevya. Mzazi anayesikia kwamba mwanawe ana "uraibu wa kukusanya sanamu" huenda akashtuka mara mbili. Wakusanyaji wenyewe, kwingineko duniani, wangekiri kwamba mpaka wa maana hizo mbili si mpana sana.

Kitu chenyewe

Asili ya kitu hiki inafunza mengi kuhusu uwezo wa jina. Mwaka 1964 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilitoa sokoni umbo la askari lenye urefu wa sentimita 30 hivi, lililoitwa G.I. Joe. Lilivalishwa nguo halisi za kitambaa na viungo vyake viliweza kukunjwa. Kwa kila kigezo lilikuwa mwanasesere. Hata hivyo, Hasbro walijua kwamba wazazi wa wakati ule wasingewanunulia wavulana mwanasesere, na wavulana wenyewe wangeona haya. Wakabuni istilahi mpya iliyounganisha neno la tendo na neno la umbo, na wakasisitiza kwamba neno la zamani lisitumike kabisa katika kukiuza kitu hicho. Kitu hakikubadilika, jina lilibadilika, na soko likafunguka. Msomaji wa isimujamii hahitaji mfano bora zaidi wa namna jinsia inavyoingia katika uundaji wa istilahi.

Mageuzi ya pili yalihusu ukubwa. Filamu ya Star Wars ilipotoka mwaka 1977, kampuni ya Kenner ilipata haki ya kutengeneza vichezeo vyake. Mwaka 1978 ilitoa maumbo yenye urefu wa sentimita 9.5 hivi, yenye viungo 5 tu: shingo, mabega mawili na nyonga mbili. Udogo huo ulikuwa na sababu. Filamu ilikuwa na vyombo vingi vya kusafiria angani. Ikiwa rubani ana sentimita 30, chombo chake kingelijaza chumba na bei yake ingemshinda mnunuzi. Rubani alipopunguzwa, chombo kiliwezekana. Tangu hapo mashujaa wengi wa filamu wamefuata kipimo hicho au kinachokikaribia. Filamu ya Batman ya mwaka 1989 ilifuatwa na maumbo madogo na gari jeusi kutoka kampuni ya Toy Biz, na filamu ya pili ya Iron Man, mwaka 2010, ilifuatwa na maumbo ya Hasbro yenye kipimo kilekile cha 1978, ila viungo vyake vilikuwa vingi zaidi.

Sentimita 9.5 kwa mtu wa kimo cha kawaida ni uwiano wa 1:18 hivi. Kwa uwiano huo, matatu ya abiria 14 yenye urefu wa mita 4.7 ingekuwa na sentimita 26, nayo ingetosha juu ya dawati. Mlima Kenya, wenye mita 5,199, ungebaki na mita 289. Hata katika nchi ya vitu vidogo ungeendelea kuonekana kutoka mbali.

Njia ya kufika Nyeri

Katika miji ya Mlima Kenya shujaa mdogo hufika kwa njia kuu mbili. Kuna maduka, ambako huuzwa akiwa mpya, pengine halali na pengine mwigo. Na kuna mitumba. Pamoja na nguo na viatu, vichezeo vilivyokwisha kutumiwa ng'ambo huingia nchini na kumwagwa juu ya turubai katika masoko, na soko la Karatina, ambalo ni miongoni mwa masoko makubwa ya wazi katika Afrika Mashariki, si geni kwa bidhaa za namna hiyo. Njia hii ya pili huathiri aina ya ukusanyaji. Mkusanyaji wa Marekani au Uingereza huthamini zaidi kitu ambacho hakijatolewa katika kasha lake. Anayechagua katika lundo la mitumba hapati kasha. Hupata Spider-Man asiye na mguu mmoja, Batman aliyepoteza joho, au gari lisilo na dereva, na kazi yake ni kutafuta kwa miezi kiungo au dereva anayelingana na alichonacho. Kwake yeye, kukusanya ni kukamilisha. Kwa hiyo maneno anayoyahitaji si yale ya kasha na muhuri. Ni maneno ya viungo vya mwili, ya ufundi wa kuunga na kugandisha, na ya kupatanisha vipimo.

Filamu zenyewe nazo zilifika na Kiswahili chake. Kwa miaka mingi watazamaji wa vibanda vya video, mijini na vijijini, walizipokea filamu za kigeni kupitia masimulizi ya DJ Afro, ambaye huzisimulia upya kwa mchanganyiko wa Kiswahili na Sheng'. Katika masimulizi ya namna hiyo mhusika wa kigeni hupewa kauli, mizaha na hata tabia za mtu wa hapa nchini. Mtoto anayemnunua Iron Man mdogo baada ya kusikiliza masimulizi hayo hanunui Iron Man wa Marekani peke yake. Hununua na sauti aliyoizoea.

Mwaka 2018 ulikuwa na uzito wa pekee. Filamu ya Black Panther ilimshirikisha mwigizaji Mkenya, Lupita Nyong'o, katika uhusika wa Nakia, na Hasbro ikatoa umbo la Nakia miongoni mwa maumbo ya filamu hiyo. Mtoto wa Nanyuki au Embu aliweza kwa mara ya kwanza kushika kiganjani shujaa wa filamu kubwa ya dunia aliyechongwa kwa sura ya mtu wa nchi yake. Swali la jina na ngeli halikuwa tena swali la vitu vya wageni.

Majina yaliyomo katika hazina

Kamusi za Kiswahili hazina upungufu wa majina ya vitu vyenye umbo la mtu. Tatizo ni kwamba kila jina limeshikwa na kazi yake.

Mwanasesere ndilo jina ambalo Kamusi ya Kiswahili Sanifu huliorodhesha kwa sanamu ya mtu inayochezewa na watoto. Ni jina zuri, lenye mwana ndani yake, na kwa sababu hiyo huchukua upatanisho wa A-WA: mwanasesere amelala, wanasesere wamelala. Kasoro yake ni ileile iliyowatisha Hasbro mwaka 1964. Katika matumizi ya kawaida mwanasesere ni mtoto mchanga wa kubembelezwa, na mvulana wa miaka 12 anayekusanya mashujaa hatakubali kwa urahisi kuitwa mkusanyaji wa wanasesere. Mtu anaweza kusema kwamba mvulana huyo ndiye anayepaswa kubadilishwa, wala si neno. Hoja hiyo ina nguvu, lakini istilahi haipatikani kwa kuwakaripia wasemaji.

Mdoli, linalosikika zaidi Tanzania, ni mkopo kutoka Kiingereza uliowekwa katika U-I: mdoli umepotea, midoli imepotea. Ni ajabu kiasi kwamba neno lenye kiambishi m- na linalotaja umbo la mtu halikuvutwa hadi A-WA. Wasemaji waliolipokea walikwisha kuamua kwamba kitu hicho ni kama mkoba na mpira, si kama mtoto na mgeni. Nchini Kenya halijaenea, na likitamkwa katika mji kama Nyeri huenda likachanganywa na mtoi, ambalo katika Sheng' ni mtoto mwenyewe.

Bandia lina historia ya kusisimua kuliko yote. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inalionyesha kwa maana ya mwanasesere, na mtoto wa bandia lilikuwa jina la kawaida la kichezeo hicho. Leo maana inayotangulia katika akili ya msemaji ni ile ya kitu kisicho halisi: noti bandia, dawa bandia, vyeti bandia. Maana ya kuchezewa imesukumwa pembeni na maana ya ulaghai. Kwa mkusanyaji, ambaye adui yake mkubwa ni mwigo uliotengenezwa bila idhini, neno hili sasa ni la lazima kwa maana yake mpya, na kwa hiyo haliwezi kutumika kwa maana ya zamani. Lau lingetumika, shujaa wa mwigo angeitwa bandia bandia.

Karagosi, ambalo asili yake ni mchezo wa vivuli wa Waturuki uitwao Karagöz, ni la sanamu inayochezeshwa na mtu aliyejificha, na katika siasa ni mtu anayetumiwa na wengine. Shujaa hawezi kuwa karagosi bila kutukanwa. Kinyago nacho ni kazi ya mchongaji na pia ni kifuniko cha uso. Tukilikubali, Batman atakuwa kinyago kilichovaa kinyago.

Linabaki sanamu. Neno hili limetokana na Kiarabu na lina mizigo miwili. Wa kwanza ni wa kidini: katika miji yenye makanisa mengi kama hii, sanamu humkumbusha msikilizaji ibada iliyokatazwa, na si kila mzazi atafurahi kusikia kwamba rafu ya mwanawe imejaa sanamu. Wa pili ni wa ukubwa na heshima. Sanamu ni ile ya shaba iliyosimamishwa Nairobi mwaka 2007 kwa ukumbusho wa Dedan Kimathi, mzaliwa wa Nyeri. Kukiita kitu cha sentimita 9.5 kwa jina hilohilo ni kulinyoosha neno kupita kiasi.

Dawa ya mizigo yote miwili imo ndani ya sarufi. Kiswahili hudunisha kwa ki-, na kisanamu, wingi visanamu, ni umbo ambalo msemaji yeyote hulielewa alisikiapo mara ya kwanza. Udogo unaingia, ibada na heshima ya shaba vinabaki nyuma. Kwa msingi huohuo gari linakuwa kigari, na visanamu na vigari vinakaa katika ngeli moja, kama vinavyokaa katika rafu moja. Mapendekezo ya kutafsiri istilahi ya Kiingereza neno kwa neno, mathalani sanamu tendaji au sanamu ya vitendo, yakataliwe. Tendaji ni neno la ofisi, na msomaji atamtarajia mkurugenzi.

Amevunjika au kimevunjika

Turudi kwenye daftari. Sentensi ya mwanafunzi inaonekana kuwa na kosa la wazi: sanamu ni nomino ya I-ZI, kwa hiyo imevunjika. Mwalimu mwenye haraka ataandika i- juu ya a- na kuendelea. Lakini tazama sentensi hizi zilizo sanifu: Rafiki yangu amevunjika mkono. Ndugu yangu amevunjika mkono. Jirani yangu amevunjika mkono. Katika zote, kimilikishi ni yangu na kitenzi kina a-. Kiswahili kinaruhusu mchanganyiko huo kwa kundi dogo la nomino, yaani watu ambao msemaji ana uhusiano nao wa damu, urafiki au ujirani. Hata mbuzi hayumo, kwa kuwa tunasema mbuzi wangu. Mwanafunzi aliyeandika "sanamu yangu amevunjika" hakubahatisha; aliiweka sanamu katika kundi la rafiki na ndugu. Kinachomfichua ni ya Batman, kwa sababu rafiki angechukua wa. Mpaka neno la tatu, kitu kilikuwa kitu. Kilipofika kwenye kitenzi, kiliumia kama mtu.

Swali la utu wa mashujaa hawa si la kitoto. Liliwahi kufika mahakamani. Chini ya sheria ya forodha ya Marekani ya wakati huo, mwanasesere, yaani umbo la binadamu, alitozwa ushuru wa asilimia 12, ilhali kichezeo chenye umbo la mnyama au kiumbe kisicho binadamu kilitozwa asilimia 6.8. Toy Biz, iliyokuwa ikiagiza kutoka China maumbo ya X-Men na mashujaa wengine, ilidai kwamba wahusika hao hawakuwa binadamu. Mwaka 2003 Jaji Judith Barzilay wa Mahakama ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani alikubaliana na kampuni: viumbe wenye makucha, mikia au nguvu zisizo za kawaida hawawakilishi binadamu. Kejeli ya hukumu hiyo iliwauma wapenzi wa X-Men, kwa maana hadithi zao zote ni za watu wanaopigania kutambuliwa kuwa ni binadamu. Katika toleo la mwaka 2007 la mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, kifungu cha wanasesere kiliunganishwa na cha vichezeo vingine, na mgogoro wa namna hiyo ukapoteza maana yake forodhani. Kwa lugha ya Kiswahili tunaweza kusema kwamba mahakama ile iliombwa kuamua baina ya A-WA na I-ZI, na tofauti ya ngeli ilikuwa na bei ya asilimia 5.2.

Hapa tahadhari inahitajika, hasa kwa mtafiti atakayekwenda kukusanya data Nyeri. Katika Gĩkũyũ, jina la mnyama hufuata ngeli ya umbo lake, si uhai wake: mbũri ĩno ni "mbuzi huyu", na ngũkũ ĩno ni "kuku huyu", yote kwa kiambishi cha ngeli inayolingana na I-ZI yetu. Hata njamba, yaani shujaa, ni njamba ĩno. Ndiyo sababu mojawapo ya Kiswahili cha bara kutoa sentensi kama "kuku imeanguka" na "mbuzi hii". Kwa hiyo mtoto wa Mlima Kenya akisema "Batman imeanguka", mtafiti asikimbilie kuandika kwamba mtoto huyo anamwona Batman kuwa ni kitu. Huenda angesema hivyo hata kuhusu ng'ombe wa nyumbani kwao. Kinyume chake ndicho chenye uzito wa ushahidi: mazingira yanayomvuta mtoto kuelekea i- yakimwacha aandike a-, basi a- hiyo imetoka mahali fulani. Yule wa daftari letu ni wa kundi hili la pili.

Kisanamu kinasaidia kwa njia ambayo sanamu haliwezi. KI-VI ni ngeli iliyozoea kupokea wenye uhai na wasio na uhai. Kiongozi amefika na kijana amefika huchukua A-WA. Kiti kimefika hubaki KI-VI. Na kitoto kimelala huonyesha kwamba hata mwenye uhai anaweza kubakizwa katika KI-VI msemaji anapotaka udogo wake uonekane. Msemaji amepewa uhuru. Mwalimu anaweza kumfundisha mwanafunzi wake kanuni rahisi: nomino ya kawaida ichukue KI-VI na jina la mhusika lichukue A-WA. Kisanamu changu cha Batman kimevunjika mkono. Batman hawezi tena kushika usukani. Sentensi zote mbili ni sanifu, na zote mbili ni za kitu kilekile kilicho mezani. Ya kwanza ni ya mkusanyaji anayekagua mali yake. Ya pili ni ya mchezaji. Mtoto huhama kutoka moja hadi nyingine kwa kufumba na kufumbua, na sarufi inamfuata.

Shujaa yupi?

Jina la kitu likipatikana, sifa ya mhusika ingali na utata. Tanzania, mhusika mkuu wa filamu za mapigano huitwa stelingi, na kila mtazamaji anajua kwamba stelingi hafi. Kenya hulitumia zaidi neno shujaa. Ugumu ni kwamba shujaa, katika miji hii, lina wenyewe. Dedan Kimathi alikamatwa karibu na Nyeri mwezi Oktoba 1956, akahukumiwa Nyeri, na kunyongwa tarehe 18 Februari 1957. Kila tarehe 20 Oktoba nchi huadhimisha Siku ya Mashujaa, na sherehe ya kitaifa ya mwaka 2021 ilifanyika Wang'uru, Kirinyaga, chini ya mlima huohuo. Mjukuu wa mpiganaji wa msituni anaposema "mashujaa wangu 14" akimaanisha vipande vya plastiki, babu ana haki ya kuinua kichwa.

Fasihi ina neno jingine. Katika uchambuzi wa visakale na tendi, wanafunzi wa Kenya humwita mhusika mwenye uwezo uliopita wa kawaida jagina, na mfano wao wa kwanza daima ni Fumo Liyongo, ambaye silaha za kawaida hazikumdhuru mpaka siri ya kitovu chake ilipofichuliwa. Nguvu zisizoaminika, udhaifu mmoja wa siri, na msaliti wa karibu: mpangilio huo ndio msingi wa nusu ya filamu zinazozungumziwa hapa. Majagina, basi, lingewafaa akina Superman na wenzake, na shujaa likabaki kwa waliomwaga damu ya kweli. Ubaguzi huo si mkali sana, kwa kuwa jarida la vibonzo la Shujaaz, lililoanza mwaka 2010, tayari limelichukua shujaa kwa vijana wa kawaida na kulitia wingi wa Kiingereza. Filamu ya Supa Modo ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Likarion Wainaina, kuhusu msichana mgonjwa anayetamani kuwa na nguvu za ajabu, imeonyesha kwamba supa nalo limekwisha kupata uraia.

Eneo la Mlima Kenya, hata hivyo, lilikuwa na jagina wa watoto mwenye chombo chake kabla ya haya yote. Mwaka 1982 Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha kwa Gĩkũyũ kitabu cha watoto, Njamba Nene na Mbaathi ĩ Mathagu, ambacho ndani yake mna basi lenye mabawa. Njamba Nene ni "shujaa mkubwa". Mhusika yupo, chombo kipo, jina lipo. Kisanamu chake hakimo katika lundo la Karatina, na mkusanyaji anayekitaka itambidi akitengeneze.

Kigari na dereva wake

Kutengeneza si jambo geni. Kabla ya vigari vya plastiki kuenea, na hata sasa penye uhaba wa fedha, watoto wa bara la Kenya wamekuwa wakiunda magari ya waya: fremu ya waya uliokunjwa, magurudumu ya ndara zilizokatwa au vizibo vya soda, bodi ya kopo la mafuta ya kupikia, na fimbo ndefu inayopanda hadi kifuani ikiwa na usukani wa waya mwishoni. Ufundi huu una msamiati kamili, na karibu wote umeazimwa kutoka gereji: ekseli, chesisi, boneti, breki, springi. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, unahimiza utengenezaji wa vitu kwa vifaa vilivyo karibu na mwanafunzi. Ingekuwa vyema walimu wa Kiswahili waliokote msamiati huo pamoja na magari yenyewe.

Gari la waya na kigari cha filamu hutofautiana katika jambo ambalo halionekani haraka. Kigari cha filamu kina kiti, na kiti kina kipimo cha dereva wa sentimita 9.5. Gari la waya halina kiti. Dereva wake yuko nje, anatembea nyuma akishika usukani, miguu yake ikiwa vumbini. Dereva ni mtoto mwenyewe. Uwiano wake haukupimwa kwa shujaa wa plastiki bali kwa kimo cha mwendeshaji, na mtoto akirefuka, fimbo hurefushwa. Kisarufi, gari la waya ni la nafsi ya kwanza: naendesha, nakata kona, nimepata pancha. Kigari cha filamu ni cha nafsi ya tatu: anaendesha, anakata kona, amegonga mwamba. Mkono wa mtoto ndio unaosukuma katika hali zote mbili, lakini katika hali ya pili mkono huo umejificha nyuma ya kitenzi.

Wapo watoto wanaoziunganisha njia hizi mbili. Gari la waya hufungwa kigoda cha kadibodi au kizibo cha chupa, na juu yake huketishwa jagina aliyetoka katika mitumba, pengine bila mguu, kwa kuwa mguu hauhitajiki kwa aliyeketi. Hapo uwiano wa 1:18 huvunjwa bila majuto, na swali la nani anaendesha hubaki wazi. Mtoto mmoja atasema "namwendesha Batman", kauli inayomfanya jagina kuwa abiria wa kawaida wa matatu. Mwingine atasema "Batman ananiendeshea gari langu", kwa kauli ya kutendea, yenye mmiliki na dereva wa kuajiriwa. Mwalimu wa sarufi anayetafuta mifano hai ya viambishi vya mtendwa na mtendewa hana haja ya kuitafuta mbali kuliko njia ya vumbi iendayo shuleni.